Mashine Mbili Chini ya Ngazi

Maabara ya meno, mtaa wa nyuma, Liepāja.
Seva mbili chini ya ngazi,
kati ya ufagio na magunia ya plasta.
Vumbi la meno ya watu huingia kwenye feni;
kila Jumatano nashuka kwenye tramu, nakuja kuipuliza.

Februari iliyopita ile kubwa ilikata roho.
Nakala tulikuwa nazo, na tulijisifu:
ankara zote, taji na daraja
za kila kinywa cha mji,
salama kwenye kidiski cha mfukoni.
Ila faili bila mfumo ni nguo bila mwili,
unazikunjua, huna wa kumvika.
Siku tisa nikisimika upya, sasisho juu ya sasisho,
leseni ya mashine ya kuchonga ikikataa kunitambua,
na Velta, mhasibu, akiandika kwa kalamu
bila kusema neno.
Heri angesema.

Mwaka huu Dzidra kanipa yuro mia mbili.
"Mia mbili, seva zote mbili. Usirudi kunung'unika."

Programu ya kwanza: bei yake yazidi seva zenyewe
pamoja na ngazi iliyo juu yake.
Muuzaji alinipigia kutoka Riga, sauti ya siagi,
akanieleza mawingu, akanieleza vituo vya mbali;
nikamwambia sisi tunatengeneza magego.

Ya pili ni bure. Bure kweli, na nzuri,
kazi ya watu wenye moyo,
lakini yataka uizime seva ndipo ipige picha,
na mashine yetu huchonga usiku kucha.

Ya tatu ni rahisi mwaka wa kwanza.
Niliposoma herufi ndogo nikauona mwaka wa pili
umejibanza nyuma ya mlango, na rungu.

Ya nne: yuro themanini na tisa kwa seva, mara moja, basi.
Sura yake kijivu, kama uji uliolala.
Sikuiuliza ina vitufe vingapi.
Kuhifadhi si kazi, hata panya huhifadhi.
Niliiuliza: unajua kurudisha?

Jumamosi, maabara imefungwa,
nikaleta kompyuta kuukuu iliyotupwa na shule ya muziki,
diski tupu, kumbukumbu haba,
nikaipa taswira ya ile seva ndogo,
ile iliyonusurika.
Asilimia nne.
Kumi na moja. Chai.
Sitini na mbili, ikagoma hapo, nami nikagoma nayo.
Velta, aliyefuata miwani aliyoisahau, akavuta kiti.

Baada ya saa mbili na robo skrini ikafumbua jicho.
Nyumba nzima ilikuwa imehama na masizi yake:
saa iliyochelewa dakika sita, ingali inachelewa;
printa iliyokufa mwaka juzi, jina lake bado orodhani;
pipa la taka, halijamwagwa.
Na pembeni, kikaratasi cha njano cha kwenye skrini
alichokibandika Gunvaldis, babake Dzidra,
wiki moja kabla moyo wake haujagoma:
*Ķiploks hajala. Samaki yuko dirishani.*

Kwenye ile kubwa alikuwa na vikaratasi kumi na viwili.
Hatukuvinakili.
Mimi ndiye niliyeweka alama kwenye visanduku,
hiki ndiyo, hiki hapana,
na sikujua kwamba ninachagua.

Velta alisoma mara mbili, midomo ikitembea.
Ķiploks, mnene siku hizi, alikuwa amelala juu ya gunia,
nusu paka, nusu plasta.
Akamwinamia, akampangusa mgongo kwa kiganja,
akavaa miwani yake.

"Nunua," akasema.
"Na uulize kama wanatoa risiti."